Filamu ya Mapacha Tuliyoitazama Mara Mbili

Wahakiki wa India walikuwa wameshaipa filamu ile nyota mbili na nusu kabla hata mmoja wetu hajaiona. Dereva wetu alinionyesha simu yake asubuhi, tukiwa tunapakia makabati kwenye lori mbele ya ghala la mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa majibu ya hospitali.

"Soma hapa," alisema. "Wewe una digrii. Wanasema nini hasa?"

Nikasoma. Walisema mwigizaji nyota amejituma, nyimbo ni tamu na rangi zinapendeza. Halafu wakasema hadithi ya mapacha waliokulia mbalimbali imechakaa, saa ya pili inajikokota, na mtu mmoja kuigiza watu wawili si sababu ya kutosha ya kutengeneza filamu.

"Kwa kifupi," nilimwambia, "ni burudani ya mashabiki tu."

"Kwani mashabiki si watu?"

Aliniacha na kabati mikononi akaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Alikuwa Mtelugu, mtu wa kusini mwa India, kutoka sehemu wanakolima pamba. Alinizidi umri kwa miaka kadhaa, na kama Watelugu wote pale kwenye kambi ya wafanyakazi nilimwita anna, yaani kaka mkubwa. Mimi nilikuwa Mkenya mwenye digrii ya sosholojia niliyeletwa Riyadh na ejenti kwa ahadi ya kazi ya ofisini, nikajikuta ninaunganisha vitanda na makabati kwenye majumba ya Al-Malqa. Anna alikuwa akiendesha, mimi nikifunga skrubu. Tulizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu cha kazini, na hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili jinsi yalivyokuwa yakiniingia.

Zamani zile hapakuwa na majumba ya sinema Saudia. Filamu ilikuja kwenye flashi, mfukoni mwa mtu aliyerudi kutoka likizo. Lakini Anna alikuwa na sababu ya kuingojea hii kuliko nyingine zote, na aliniambia sababu hiyo wazi kwa kuwa nilimbana kwa maswali hadi akachoka.

Mke wake alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya binafsi Jeddah. Waliishi katika nchi moja, kila mmoja na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, na kati yao kulikuwa na jangwa la siku nzima ya kuendesha. Binti yao mdogo alikuwa nyumbani, akilelewa na mama yake Anna, na alikuwa ameanza kumwita bibi yake mama. Mikataba yao ilikuwa inakaribia kwisha. Hospitali ilikuwa imempa mke karatasi ya kusaini tena na kumpandisha cheo awe msimamizi wa wodi. Anna hakutaka asaini. Alitaka warudi wote wawili, moja kwa moja. Walikuwa wameshalizungumza kwenye simu mpaka likageuka ugomvi, na mwezi ukiisha mke angekuwa ameshatoa jibu.

"Sasa filamu inaingiaje hapo?" nilimuuliza.

"Umeona tangazo lake? Pacha mmoja yuko ng'ambo, ana suti, ana gari. Mwisho anarudi nyumbani, anabaki. Mimi nikisema maneno yanaharibika. Yeye akisema, mke wangu atasikia."

"Yeye nani?"

"Nyota," alisema, akinishangaa.

Anna na mkewe walipokutana mara ya kwanza, kwao msichana, wazazi wakiwa wamekaa chumbani humo humo na sahani za vitafunio, Anna alipewa nafasi ya kumuuliza binti chochote. Akashindwa. Swali lililomtoka ni, unampenda nyota gani? Binti akamtaja huyo huyo ambaye Anna alikuwa na picha yake ndani ya kabati lake la nguo. Mambo mengine yote, alisema, yaliamuliwa na wazee, lakini hilo waliliamua wao wawili.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini watu wazima wanamwagia maziwa bango la mwigizaji siku ya kwanza ya filamu, na kama mwigizaji huyo anajua habari za dereva wa lori Riyadh. Alinijibu kwamba mimi nikiulizwa kama ninataka chai, nitauliza kwa nini. Lakini hadithi ile ya vitafunio haikunipa mahali pa kuuliza.

Kilichomtisha ni kwamba mke wake husoma. Angeona zile nyota mbili na nusu kabla ya filamu yenyewe. Ndipo akaniomba jambo. Mashabiki wa nyota huyo walioko Saudia walikuwa na ukurasa kwenye mtandao, na mkewe alikuwa akiufuata. "Ukishaiona, andika kwa Kiingereza kizuri. Andika kwamba ni nzuri. Mtu wa nje akisifu, ataamini."

"Na nisipoipenda?"

"Utaipenda. Utake usitake."

Filamu ilipofika, mashabiki waliionyesha Ijumaa mchana katika istiraha, yale maboma ya mapumziko ya nje ya mji yanayokodishwa kwa siku. Walitundika shuka jeupe ukutani na projekta wakaiweka juu ya makreti ya maji. Watelugu walikuja kutoka kampuni nyingi, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, na kila mmoja alikuwa na mfuko wa karatasi zilizochanwa vipande vidogo, stakabadhi kuukuu za kupokelea mizigo. Nyota akitokea mara ya kwanza, karatasi hurushwa hewani. Kwa kuwa safari hii angetokea mara mbili, kama watu wawili, walikuwa wamechana karatasi maradufu.

Wakenya tulialikwa pia, tukakaa nyuma. Pamoja nasi alikuwa jamaa wa Nakuru niliyelala naye chumba kimoja. Kabla ya kuja Riyadh alikuwa dijei wa filamu, wale wanaokaa na maikrofoni kwenye vibanda vya video nyumbani na kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea, wakiongeza chumvi zao. Hakujua neno la Kitelugu. Hilo halikuwahi kumzuia mtu wa kazi ile.

"Wasee, tulieni," alianza. "Huyu mwenye shuka kiunoni tunamwita Shamba. Anasimamia miwa ya marehemu baba yake. Yule anayeshuka kwa ndege tunamwita Majuu. Ni mapacha, mama mmoja, bajeti tofauti."

Karatasi ziliruka kwa Shamba, zikaruka tena kwa Majuu. Watelugu walipiga mbinja hadi nikaziba masikio. Anna alikuwa amesimama juu ya kiti.

Katikati ya filamu mapacha walibadilishana nafasi. Majuu alivaa shuka akaenda kukabiliana na adui wa familia, Shamba akavaa suti akakaa kwenye kiti cha ofisini. Nililiona hilo kwa sababu nilikuwa nikisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Dijei hakuliona, maana wakati huo alikuwa ametoka nje kutafuta chai. Aliporudi na kikombe chake aliendelea kumwita mwenye shuka Shamba na mwenye suti Majuu.

Nikamnong'oneza. "Umewachanganya. Walishabadilishana."

"Lini?"

"Ulipoenda kwa chai."

Akafikiri kidogo. "Wacha tu, buda. Watu wameshazoea."

Kwa hiyo, kuanzia hapo, sisi wa nyuma tulikuwa tukitazama filamu nyingine. Mwishoni kabisa Majuu, akiwa bado na shuka la pacha wake, alisimama kwenye ukingo wa shamba la miwa, akatoa pasipoti na kuichana. Asingerudi tena ng'ambo. Pacha wake akapanda ndege kwenda kushika kampuni mahali pake. Nilitarajia karatasi zote zilizobaki ziruke. Haikuruka hata moja. Mtu mmoja alicheka, wakafuata wengine, Watelugu kwa Wakenya.

"Ameipata wapi?" mtu aliuliza kwa Kiswahili. "Kafili wake alimrudishia lini?"

Hakuna hata mmoja mle ndani aliyekuwa na pasipoti yake mwenyewe. Zilikuwa kwenye makabati ya chuma ya waajiri, kila mtu na ikama yake tu mfukoni, kile kibali cha ukaazi.

Upande wetu kulikuwa na tatizo la pili. "Ngoja kwanza, dijei. Si huyu ni Shamba? Mkulima wa miwa ana pasipoti ya nini?"

Jamaa wa Nakuru hakubabaika. "Alikuwa aende Qatar. Ejenti akamzungusha miaka. Leo amechoka, ameamua ni halas, basi, anabaki na miwa yake. Majuu naye anarudi kazini kwake. Kila mtu na anachokijua."

Wakenya waliguna kwa pamoja, mguno wa watu wanaomfahamu ejenti huyo. Tulipotoka nje niliwasikia wakiisifu. Walisema ni filamu ya maana kuliko zote tulizoziona mwaka ule, kwa sababu hatimaye mtu ameonyesha habari za ejenti.

Anna hakucheka pasipoti ilipochanwa. Alikuwa ameshuka kwenye kiti, na nilipomtazama alikuwa akijipangusa macho kwa kiganja, bila kujificha. Mimi nilikuwa tayari na orodha yangu ya makosa. Nilikuwa nimeshaona kwamba mapacha wakikumbatiana tunaonyeshwa sura moja tu, ya pili ni kisogo cha mtu tusiyemjua. Baada ya kumwona Anna, sikujua tena orodha ile nimsomee nani.

Niliandika uhakiki alioniomba kwenye simu, nikiwa nimelala kitandani, kwa siku kadhaa. Nilishindwa kudanganya, na nilishindwa pia kurudia maneno ya wale wa nyota mbili na nusu, kwa sababu wao hawakukaa istiraha pamoja nasi. Niliandika kwamba hadithi ni ya zamani na saa ya pili ni ndefu. Niliandika kwamba nyota ana kipaji cha kweli, kwani ukimtazama mabega tu unajua ni pacha yupi, hata nguo zikibadilishwa. Niliandika habari za kicheko cha pasipoti. Na nikasimulia kosa la dijei wetu, jinsi Wakenya walivyoipenda filamu ambayo haipo.

Mashabiki hawakufurahi. "Mwafrika anajua nini kuhusu sinema yetu?" mmoja aliandika. Mwingine akashauri nirudi kwenye skrubu zangu, jambo lililonionyesha kwamba Anna alikuwa amenitambulisha. Anna mwenyewe aliwajibu wote kwa hasira kwamba mimi ni mdogo wake na waniache. Kisha akanigeukia mimi.

"Nilikuomba usifu."

"Nimesifu mabega."

"Mabega," alirudia. Tukaenda mpaka Al-Malqa bila yeye kuwasha redio.

Wiki iliyofuata kampuni ilipata mzigo wa kupeleka tawi la Jeddah, na Anna akaniombea kwa msimamizi niende naye kama fundi. Njiani alijaribu maneno yake kwa sauti, kwa Kitelugu, halafu akaniuliza kwa Kiingereza kama yanasikika vizuri. Nikamwambia sauti inasikika ya mtu anayeomba msamaha. Akaanza upya. Tulipokaribia Makka tulikata kwenye barabara ya wasio Waislamu, Mhindu na Mkristo katika lori moja la vitanda, tukazunguka milima hadi hewa ilipoanza kuwa na unyevu.

Wanaume hawakuruhusiwa kuingia hosteli ya wauguzi. Muuguzi mmoja, mwenzake mke wa Anna, aliyekuwa likizo na familia yake, alikuwa amewaachia funguo za nyumba yake mtaa wa Sharafiya. Nilitaka kubaki kwenye lori niwape nafasi, lakini mke wa Anna alinitumia ujumbe kupitia kwa mumewe kwamba asiyepanda ngazi hatakula.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya mtu aliyetoka zamu. Nilimwamkia, nikimwita shemeji.

"Kumbe wewe ndiye mhakiki," alisema. "Nilidhani una miwani."

"Ulisoma?"

"Nimesoma. Hao wa nyumbani wenye nyota zao sikuwasoma. Kaa, ule."

Alitupakulia wali wa ukwaju na karanga, na tukaiwasha filamu kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya stuli. Anna hakumtazama nyota hata kidogo. Alimtazama mke wake. Nilimwona akivuta pumzi kila mahali ambapo mkewe angepaswa kucheka, na mkewe alicheka mahali pote. Nyimbo alizijua tayari. Shamba alipotokea shemeji alipiga mbinja ya vidole viwili iliyonishtua, na Majuu alipotokea alichana tishu, akairusha kwenye kioo, vipande vikaangukia sahani yangu. Anna aliniangalia kwa ushindi. Mimi mwenyewe niliamini kwamba angeshinda.

Pasipoti ilipotolewa, shemeji alibonyeza na kuisimamisha picha.

Walisema maneno kwa Kitelugu, kwanza polepole, kisha Anna akaongea kwa muda mrefu na nikayatambua yale ya njiani. Hayakusikika tena ya kuomba msamaha. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia Kiingereza, nadhani kwa makusudi, ili awepo mtu wa tatu anayesikia.

"Filamu ni nzuri," alisema. "Mimi naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya huyu." Akagusa kioo kwa kidole. Nyuma ya nyota, kwenye ukingo wa shamba, alisimama mke wa Majuu akitabasamu. "Mwanzoni walituambia huyu ni daktari huko ng'ambo. Mnakumbuka? Alikuwa na koti jeupe. Sasa hivi amebeba kikapu cha chakula. Koti liko wapi?"

Mimi sikukumbuka koti lolote. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima juu ya mabega na sikumwona mwanamke huyo.

"Ni filamu tu," Anna alisema.

"Wewe ndiye uliyesema si filamu tu. Umeileta kutoka Riyadh ili iniambie kitu, nami nimesikia. Lakini pasipoti unayotaka kuchana si yako. Ni yangu. Wewe hapa unaendesha lori na unaichukia kila siku, unanipigia simu kuniambia. Mimi wodi yangu naipenda. Nani alikuuliza kama naipenda?"

Anna alisukuma sahani yake kando.

"Na mtoto?" alisema.

Shemeji aliinamia sahani yangu. Aliokota vipande vya tishu kimoja kimoja akaviweka kiganjani. "Mtoto anahitaji mzazi nyumbani," alisema. "Hilo sikukatalii. Nalilia bafuni, hosteli nzima inajua." Akaniangalia. "Ile ya Wakenya, niambie tena. Inakwishaje?"

Nilimsimulia. Shamba, aliyezungushwa na ejenti, anachana pasipoti na kubaki na miwa. Majuu anarudi kazini kwake. Kila mtu na anachokijua.

"Hiyo ndiyo ningeitengeneza mimi," alisema. "Anayejua shamba abaki shambani." Akamgeukia mumewe, na sauti ikashuka. "Wewe pamba unaijua tangu mtoto. Mama anazeeka. Rudi wewe. Mimi nisaini mkataba huu mmoja, nyumba ipate paa, halafu tutazungumza tena tukiwa tumekaa, si kwenye simu."

"Watu watasema mke wangu amenirudisha nyumbani nimlelee mtoto."

"Watasema."

"Watanicheka."

"Watacheka, ndiyo."

Nilisimama nikaenda jikoni kuosha sahani, maana hapo hata mimi sikuwa na swali. Nilisikia filamu ikiendelea hadi ule wimbo wa mwisho ambao majina hupita na watu wote hucheza, wema kwa waovu. Hawakuuzima. Niliporudi walikuwa wamekaa bega kwa bega wakiutazama, na shemeji alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Anna hakuimba, lakini mguu wake ulikuwa unapiga mdundo.

Anna alipiga simu yeye mwenyewe, pale pale, kabla hatujaondoka. Niliposikia neno amma nilijua ni mama yake. Aliongea akiwa amesimama dirishani, mkono mmoja kichwani. Mara mbili shemeji alimkatiza kumsahihisha jambo, na mara mbili akalirudia kwenye simu kama alivyosahihishwa. Kisha wakampa mtoto simu kule, na sauti nyembamba ikajaza chumba, ikieleza kitu kirefu kuhusu mbuzi. Wote wawili waliinamia simu ile hadi vichwa vikagusana.

Kwenye lori nilingoja mpaka tumetoka mjini.

"Mama amesema nini?"

"Kwanza ameuliza kama tumegombana. Nimemwambia hapana, tumetazama filamu." Alibadilisha gia. "Halafu ameuliza kama ninajua kusuka nywele za msichana, kwa sababu shuleni wanataka misuko miwili na vidole vyake vinamuuma siku hizi."

"Unajua?"

"Sijui."

Aliendesha kidogo. Jua lilikuwa usoni mwake, akashusha kile kikinga mwanga cha juu ya kioo.

"Ninyi Wakenya mnasukana sana," alisema. "Kambini kuna nani anayejua?"

Nikamwambia dijei wa Nakuru ana dada watano.